Mshahara Uliolia Darini

Kwa mamlaka niliyojipa mwenyewe, mbele ya Mungu, wazazi, walezi na bodi ya shule, mimi Ebenezer, mwanafunzi wa kidato cha tatu, bweni la wavulana, Mkristo niliyewekewa mikono na askofu mwenyewe, natangaza rasmi kwamba nyumba yetu ya hapa mtaani Zuzu ina mzimu.

Mzimu wenyewe ni mbuzi.

Na mbuzi mwenyewe ni mimi.

Ndivyo nilivyoamini, angalau, mpaka Jumatano saa ya chakula cha mchana. Leo siamini kitu. Naandika haya nikiwa nimekaa uani, juani, mgongo ukutani, ngazi kando yangu, na sitaingia ndani mpaka mtu mwingine atangulie.

Waliokosa sehemu zilizopita wasihuzunike. Nitafupisha, maana ufupi ni pambo la wasomi.

Dada Siku, jina lake kamili Sikudhani, alitoka kijiji cha Kolo, Kondoa, kuja kwetu kumlea mdogo wangu Ruthu. Kumlea Ruthu, basi. Hayo yalisemwa sebuleni, mbele ya mjomba wake, na mbele ya babu yangu Mzee Yoramu aliyetoka Mpwapwa makusudi kuwa shahidi. Mama akaahidi pesa kidogo ya kila mwezi, na kila mwaka ukitimia, mbuzi jike mmoja, kama wazee wetu Wagogo walivyozoea kumlipa mchungaji. Mjomba akaridhika. Alisema noti haizai, mbuzi huzaa.

Mwaka wa kwanza ukatimia, mbuzi akatolewa. Mweusi tii, kichwa cheupe kama kilichofunikwa shela. Dada Siku akamwita Bi Harusi, akawa anamlisha ukoko wa ugali kwa mkono wake, nyuma ya nyumba. Siku moja mbuzi huyo alimeza mfuko wa nailoni. Alinusurika, lakini sauti haikurudi kama ilivyokuwa. Mlio wake ulikatika katikati, kisha kikafuata kikohozi, kama mzee wa kanisa anayetaka kusimama kutoa tangazo.

Baadaye mama akasema harufu inafukuza wageni. Bi Harusi akahamishiwa zizi la babu, Mpwapwa, akazae huko kwa jina la Dada Siku.

Desemba iliyopita, kwenye sherehe ya kipaimara changu, Bi Harusi akaliwa.

Aliletwa mjini mzima mzima, akachinjwa kwa jirani yetu Mzee Hashimu, kama tufanyavyo sikukuu zote ili Mkristo na Mwislamu wale sahani moja. Nyama ikaingia kwetu ndani ya beseni, imeshakatwakatwa. Kichwa mama alikiona kule kwa Mzee Hashimu, akakifunika kwa gunia.

"Nyamaza," aliniambia. "Mbuzi ni mbuzi. Tutamrudishia mwingine."

Aliyeikaanga ile nyama ni Dada Siku. Alisifiwa sana siku ile. Askofu aliomba aongezewe nyama.

Tangu hapo kila akiuliza, anajibiwa Bi Harusi yupo Mpwapwa, ananenepa.

Hapo ndipo tulipoachana. Sasa twende.

Nilisema alikuja kumlea Ruthu. Ngojeni mwone jinsi Ruthu mmoja anavyoweza kukua akawa nyumba nzima.

Ruthu anakula, basi anayemlisha apike. Akimpikia Ruthu, sufuria ni ileile, apikie wote. Ruthu anachafua nguo, basi afue. Na akishaloweka, shati la kaka yake litaongeza uzito gani? Ruthu anapenda mayai, basi kuku ni wa Dada Siku. Bomba likikauka, Ruthu ataoga nini? Kisima kile pale, ndoo hii hapa. Jumamosi duka la mama la vifaa vya ujenzi likifurika wateja, Ruthu anamlilia mama yake, basi apelekwe. Na aliyempeleka, akishafika, apime misumari.

Katika haya yote hakuna aliyewahi kumwona Dada Siku ameketi kwenye kochi. Si kwamba alikatazwa. Hakukuwa na muda ambao kochi na yeye walikutana.

Siku niliyofika likizo hii ya Juni, nilimkuta amesimama mbele ya mama, mikono ameifunga nyuma.

"Mama, naomba Bi Harusi aletwe."

"Aletwe wapi?"

"Hapa. Nimuuze yeye na watoto wake. Kondoa kuna mama anafundisha kushona, ila anataka kila mtu aje na cherehani yake."

Mama akaacha simu, akamtazama kwa upendo mkubwa. Upendo wa mama ukizidi, jihadhari.

"Mwanangu, hapa unakosa nini? Unakula, unalala, unavaa. Wewe ni mtoto wetu."

"Ndiyo, mama."

"Mtoto haondoki tu nyumbani."

"Ndiyo, mama."

Mimi pia ni mtoto wao, na katika maisha yangu sijapima hata msumari mmoja.

Hapo moyo wangu wa haki ukasimama wima. Bwenini nafahamika kwa kipaji kimoja. Niliwahi kuiga sauti ya matroni, bweni zima likapanga foleni ya dawa ya minyoo isiyokuwepo. Niliwahi kumwiga mwalimu wa nidhamu kupitia dirishani, nikafuta jaribio la hesabu. Kwa hilo la pili nilirudishwa nyumbani nikatafakari. Nilitafakari vizuri sana, nikajifunza kuiga na ndege.

Nikaamua: mama aliyesahau deni, deni litamkumbusha lenyewe.

Jumapili baada ya ibada, mama akajilaza chumbani. Dada Siku alikuwa ameenda kisimani na Ruthu mgongoni. Nikapanda rafu za stoo, nikasukuma ule ubao wa dari uliolegea, nikatambaa gizani kwenye vumbi na utando wa buibui mpaka juu ya kitanda cha mama. Nje upepo wa Juni ulikuwa unapiga bati. Nikameza mate.

"Meee... ee. Khe! Khe!"

Chini kitanda kikalia.

"Meee... ee. Khe! Khe!"

"Shindwa!" mama akapiga ukelele. "Shindwa na ulegee!"

Mimi sikushindwa wala sikulegea. Nilishuka haraka, nikajipangusa, nikamkuta sebuleni ameshika Biblia kama mtu ashikaye mwiko wa kujihami.

"Ebe, umesikia?"

"Nini, mama?"

"Mbuzi."

"Wapi?"

"Juu."

"Mama, mbuzi hapandi juu. Tumesoma kidato cha pili."

Akanitazama. Nikaweka uso wa kipaimara.

"Labda," nikasema polepole, "ni mbuzi mwenye dai lake."

"Dai gani?"

"Mimi sijui, mama. Nimewaza tu."

Dada Siku aliporudi, mama alitoka mwenyewe mpaka getini akampokea ndoo. "Pumzika, mwanangu," akamwambia. Dada Siku alishtuka kuliko mama alivyoshtukia mbuzi.

Jumatatu nikarudia. Mama akasema hali nyama tena mwezi huu. Akaosha vyombo kwa mikono yake, akiimba pambio kwa sauti ya juu. Nilimsikia anaomba chumbani: "Bwana, nitamlipa, nitamlipa, nipe nafasi." Nikajiona hakimu, wakili na karani wa mahakama kwa wakati mmoja.

Jumanne nikakosea.

Nilidhani Dada Siku yupo kisimani. Nilipomaliza kikohozi cha pili nikasikia kijiko kikianguka jikoni, chini yangu kabisa.

"Bi Harusi?"

Sikupumua.

"Bi Harusi, mama yangu, ni wewe?"

Kuna tundu la hewa ukutani, chini ya paa. Nikachungulia. Nikamwona anatoka mbio na ukoko mkononi, kitambaa cha kichwa kimelegea, anacheka. Sikuwahi kumsikia anacheka vile.

"Njoo, mama, njoo, njoo, njoo," akaita, huku anapiga ulimi. "Wamekuleta? Mbona hujionyeshi?"

Akazunguka nyumba. Akazunguka tena. Akatazama nyuma ya tangi, akatazama bandani kwa kuku. Kila akizunguka, kicheko kinapungua. Mwisho akasimama katikati ya ua, upepo unamvuta gauni, mkono umenyooka na ule ukoko, anaita kwa sauti ya chini kama anamwita mtoto aliyelala.

Ningeweza kushuka. Ilikuwa hatua chache tu na neno moja. Nililala kifudifudi kwenye vumbi mpaka alipochoka.

Aliuacha ukoko juu ya jiwe, pale Bi Harusi alipokuwa akifungwa. Asubuhi haukuwepo. Nikajiambia ni kuku. Kisha nikakumbuka kuku walikuwa hawajafunguliwa.

Jumatano mchana tulikuwa mezani, mama, Ruthu na mimi. Dada Siku amesimama mlangoni na jagi la maji ya kunawa. Mdomo wangu ulikuwa umejaa ugali na mlenda mpaka mashavuni. Nasisitiza hili, wasomaji, kwa kuwa ndilo shahidi langu pekee.

"Meee... ee. Khe! Khe!"

Juu. Juu ya vichwa vyetu.

Mama akanitazama. Nikamtazama. Mlenda ukanitoka pembeni mwa mdomo.

"Bi Harusi kaja," Ruthu akasema, akaendelea kula.

Mama akasimama kiti kikaanguka. Hakutazama juu. Alimtazama Dada Siku.

"Ni wewe!"

"Mimi, mama?"

"Wewe! Unalisha vitu nyuma ya nyumba yangu, nimekuona jana! Umetuletea mambo ya kwenye yale mapango yenu ya Kolo!"

"Mama, mapangoni kwetu kuna michoro tu. Wazungu wanakuja kuipiga picha." Akalikumbatia jagi kifuani. "Na huyu ni mbuzi wangu, namjua sauti. Si mlisema yupo Mpwapwa? Kama yupo Mpwapwa mzima, juu analia nani?"

Bati lilialika kwa jua.

"Kesho unarudi kwenu," mama akasema. "Namwita baba kutoka Mpwapwa aje tukuage kwa heshima. Mjomba wako nitampigia mwenyewe. Nitamwambia una mashetani, wakakutazame."

Dada Siku akaweka jagi chini taratibu. "Mama, usimwambie hivyo. Mwambie nimevunja sahani. Mwambie mimi mvivu. Nikirudi na jina la mashetani hakuna atakayenipa mtoto wake nimlee, wala kunifundisha kushona."

"Nimeshasema."

"Na mbuzi wangu?"

"Mwenye mashetani hadai mbuzi."

Usinieleze, msomaji, kuwa hapo ndipo ningesema. Najua. Nilifungua mdomo. Nikafikiria jinsi mama atakavyonitazama, nikaufunga.

Babu Yoramu alifika Alhamisi kabla ya adhuhuri, kwa bodaboda kutoka stendi, koti lote limekuwa rangi ya vumbi.

"Mbukwenyi!" akatusalimu kwa Kigogo kutoka getini, kama anaita kijiji.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Umerefuka. Akili nayo?"

"Inafuata, babu."

"Haina haraka, naona."

Akaketi. Mama akaketi. Begi la Dada Siku, zipu imekufa, limefungwa kwa kipande cha kanga, lilikuwa mlangoni. Mwenyewe alisimama kando yake. Ruthu alimshika sketi, hataki kumwachia.

"Haya, Dorothea," babu akamwambia mama. "Binti huyu ana kosa gani?"

"Ana mashetani, baba. Anamwita mbuzi asiyeonekana."

"Mm. Na yule anayeonekana yuko wapi?"

Mama akakohoa. Kikohozi chake kilinisisimua mwili.

"Yule mwenye kichwa cheupe," babu akaendelea. "Wa binti huyu. Kwangu hayupo. Aliondoka Desemba. Nikadhani mmeelewana, mmemlipa, ndiyo maana sikuuliza."

Dada Siku hakusogea. Ni macho tu yaliyotoka kwa babu, yakaenda kwa mama.

"Baba!" mama akasema. "Si ulimtoa wewe? Mimi niliomba mbuzi wangu, yule beberu mwekundu. Ebe akaniletea huyo, akaniambia babu ndiye aliyempa!"

"Mimi?"

"Ndivyo alivyosema!"

"Siku ile nilikuwa kisimani na ng'ombe. Nilimwachia kijana zizi, nikamwambia, chukua mwekundu wa mama yako. Niliporudi mwekundu yupo, anacheua."

Babu akageuza kichwa. Hakupandisha sauti.

"Ebenezer, mjukuu wangu."

Wasomaji wapendwa, kwa sehemu zote hizi nimejiita hakimu. Nimemweka mama kizimbani kila wiki, mkamzomea nami, na nikafurahi mnavyomzomea. Niliandika kwamba Bi Harusi "aliletwa". Tulifundishwa kauli ya kutendwa darasani, ila matumizi yake niliyagundua mwenyewe.

Nikapiga magoti. Hakuna aliyeniambia nipige.

"Mimi ndiye," nikasema.

"Wewe ndiye nini?" mama akauliza.

"Nilimleta mimi. Babu hakunipa. Yule mwekundu alinikimbiza zizi zima, akanipiga pembe, akanichania suruali ya kipaimara. Basi lilikuwa linaondoka. Nikamchukua aliyekuja mwenyewe."

"Ulijua ni wa nani?" babu akauliza.

"Nilijua."

"Mungu wangu," mama akasema.

"Na darini ni mimi. Jumapili, Jumatatu, Jumanne. Nilitaka mama aogope, amlipe dada. Dada hana mashetani, babu. Ile ya jana siijui. Ya jana si mimi. Nilikuwa na ugali mdomoni."

Mama alijifunika uso kwa ncha ya kanga. Ndani ya kanga akasema, "Kichwa nilikiona. Kwa Mzee Hashimu. Nilikiona, nikakifunika."

Ndipo Dada Siku akasema, bila kumtazama yeyote.

"Nilimkaanga."

Akashika fundo la kanga kwenye begi lake.

"Mama, uliniambia niongeze chumvi. Nikaongeza, nikaonja. Nikamwonjesha na Ruthu." Akajishika shingo kama mtu aliyekwamwa na mwiba. "Nikakwambia, mama, nyama ya huyu laini, huyu alilishwa vizuri."

"Tutakulipa," mama akasema haraka, kanga bado usoni. "Mwingine. Wawili. Na wa mwaka huu. Na cherehani, mwanangu, cherehani yenyewe, nitakununulia..."

"Sijauliza hayo bado, mama."

Akaja akasimama mbele yangu. Niliona miguu yake tu, imepasuka visigino.

"Bi Harusi haendi kwa mtu. Hata babu alikuwa anamvuta kwa kamba. Kwako alikujaje?"

Hili ndilo nililotaka lipite bila kuulizwa. Mengine yote ningeyakiri mara mia nisiulizwe hili.

"Nilimwita."

"Ulimwitaje?"

"Dada, nisamehe."

"Ulimwitaje, Ebe?"

"Kwa sauti yako."

Mbao za dari zilitoa mlio mdogo, kama zitoavyo jua likikaza. Ruthu akamwachia sketi.

"Alikuja mbio," nikasema, na sasa nilikuwa nalia, kamasi na yote, kidato cha tatu kizima. "Aliwapita wenzake wote. Akaja akanusa mkono wangu, akatafuta ukoko. Haukuwepo. Akaendelea kutazama nyuma yangu, anakutafuta."

Dada Siku akakaza kitambaa cha kichwa.

"Mwite," akasema.

"Dada..."

"Mwite kama siku ile. Na mimi nisikie alichosikia."

Nikamtazama babu. Babu alikuwa anatazama kichwa cha fimbo yake. Nikamtazama mama. Hakuna aliyekuja kuniokoa. Nikafumba macho, nikafungua mdomo, na sauti ya Dada Siku ikatoka ndani yangu, laini, yenye kicheko, sauti ya zamani ambayo mwenyewe hana tena.

"Njoo, mama, njoo, njoo, njoo."

Upepo ukaacha kupiga bati.

Juu yetu, upande wa chumba cha mama, kitu kikakanyaga ubao. Kikakanyaga mwingine. Hatua ndogo ngumu, zikaja polepole kuelekea sauti yangu, zikasimama juu ya kichwa changu kabisa. Vumbi jembamba likashuka kwenye nywele zangu.

"Meee..."

Ikakatika. Kikohozi hakikuja. Tulikaa wote tukikisubiri.

Dada Siku aligeuka kuelekea mlangoni. Hakuambiwa na mtu. Katika nyumba hii kitu kikitakiwa, miguu yake huanza kabla ya amri, na ngazi tunaiweka uani.

"Binti," babu akamwita. "Unakwenda wapi?"

"Kuleta ngazi, babu."

"Rudi. Hiyo si kazi uliyojia hapa. Kaa."

Akasita. Akatazama kulia na kushoto kama anatafuta kigoda chake cha jikoni. Kisha akaketi kwenye kochi, ukingoni, akampakata Ruthu, macho juu.

Babu akaninyooshea fimbo.

"Ebenezer. Lete ngazi."